KUPIMA NJIA YETU: NI KIPANDE GANI KITENGENEZWE KWANZA?
(Somo la fizikia na maisha)



Kila mara salongo ikitangazwa, mabishano ni yale yale. Wa bweni la wavulana wanasema tuanzie penye mawe, karibu na bandari ndogo. Wale wanaotoka vijiji vya juu wanasema hapana, kubaya zaidi ni kule kwenye shamba la ndizi, maana kule ndiko kinga inatingishika mpaka meno yanagongana. Wa madarasa ya chini wanasema tuzibe lile shimo moja kubwa, kisha turudi kupika. Mwishowe anashinda mwenye sauti kubwa, si mwenye haki. Na sisi tunaopewa kazi ya kugawa majembe tunaonekana kama tunapendelea wengine.

Somo hili linataka kuonyesha kwamba ubaya wa njia si jambo la kelele. Ni kitu kinachoweza kupimwa, sawa vile tunapima uzito wa maharagwe sokoni. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza na habari ya mizani ya haki. Tunaona kwamba hata jasho la wenzetu linastahili mizani ya haki.

I. JUU YA NINI TUPIME?

Kisiwa chetu cha Idjwi ni mlima mrefu uliosimama ndani ya ziwa Kivu, na ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha mita 1.460 hivi. Toka kaskazini kwa Rubenga mpaka kusini kwa Ntambuka, njia zetu ni za udongo. Udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Jua likiwaka unakauka pamoja na alama zote za magurudumu na kwato, unakuwa mgumu kama tofali.

Juu ya njia hizo kunapita nini? Kunapita ananasi, ndizi, mihogo, kahawa na samaki, vyote vikitafuta mtumbwi wa kwenda Bukavu ao Goma. Nanasi lililogongwa njiani linaoza kabla halijauzwa, na mama aliyelilima anapewa bei ya chini. Kunapita pia wagonjwa. Mwenye nguvu akipita penye mabonde anasimama juu ya pedali, magoti yake yanakunjika na kufanya kazi ya risasoli. Lakini mama mwenye mimba aliyekaa nyuma ya pikipiki, ao mtu mwenye mfupa uliovunjika, huyo hana nafasi ya kusimama. Kila tuta analipokea mwilini. Ndiyo sababu fasi nyingi watu bado wanachagua kipoyi: mabega ya watu wanne ni laini kuliko gurudumu.

Basi njia ikitengenezwa vizuri si jambo la starehe tu. Ni bei ya mavuno, na pengine ni uzima wa mtu.

II. WENGINE WAMEPIMA NAMNA GANI?

Mwaka 1982 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Brazil, katika mji wa Brasília, kwa jaribio kubwa la kupima ukali wa barabara. Mbele ya hapo kila nchi ilikuwa na kipimo chake, hakuna aliyeweza kulinganisha barabara yake na ya jirani. Kutokana na kazi hiyo Benki ya Dunia ilitangaza mwaka 1986 kipimo kimoja kwa wote, kinachoitwa IRI. Kinahesabiwa kwa mita kwa kilometa. Barabara laini kabisa ni 0. Lami mpya nzuri ni kama 2. Barabara ya udongo iliyoharibika sana inapita 10, inaweza kufika hata 20.

Lakini mashine za kupima IRI zilikuwa za bei kubwa. Ndipo Mwingereza mmoja, M. A. Cundill, wa maabara ya barabara ya Uingereza, akatunga chombo cha bei ndogo kwa ajili ya nchi kama zetu, kikatangazwa mwaka 1991. Kinaitwa MERLIN. Ukikiona utacheka, juu kinafanana na kinga iliyokatwa nusu: mbele gurudumu moja, nyuma mguu wa chuma, na kati ya hivyo viwili urefu wa mita 1,8. Katikati kuna kijiti kinachogusa udongo. Udongo wa katikati ukiwa chini kuliko mstari wa gurudumu na mguu, kijiti kinashuka. Ukiwa juu, kinapanda. Mkono mrefu unakuza mwendo huo mara 10 na kuuonyesha juu ya karatasi.

Mpimaji anazungusha gurudumu mara moja, anasimama, anatia alama, anaendelea, mpaka alama 200. Kisha anahesabu alama 10 za mwisho upande huu na 10 za mwisho upande ule, anaziacha nje. Upana unaobaki, kwa milimita za karatasi, ndio D. Halafu:

IRI = 0,593 + (0,0471 x D)

Mfano: D ikiwa 100, IRI ni 5,3. D ikiwa 200, IRI ni 10,0. Hesabu ya mtoto wa shule! Hakuna umeme, hakuna motere.

Tuangalie jambo moja lakini. IRI ilitungwa kwa kufikiri gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa. Gari lina risasoli, na mabonde madogo linayameza. Kinga haina risasoli. Mabonde ya sentimita chache, ambayo mwenye gari hayasikii, yanaumiza mikono ya mwenye kinga. Kwa hiyo sisi tunahitaji kipimo kifupi zaidi.

III. KIJITI CHETU

Tunahitaji ubao ulionyooka wa mita 1 na sentimita chache, uliolainishwa kwa randa. Kwenye ncha mbili tunapigilia miguu miwili ya urefu sawasawa, sentimita 15, toka mguu mpaka mguu iwe mita 1 kamili. Katikati tunatoboa tundu na kupitisha kijiti chepesi kinachoteleza bila kukwama. Kwenye kijiti tunabandika rula ya milimita.

Kwanza tunasimamisha ubao juu ya sakafu laini ya darasa la saruji. Fasi kijiti kinaposimama ndiyo 0. Tukienda njiani, kijiti kikishuka chini ya 0 tunaandika + (shimo); kikipanda tunaandika – (tuta).

Mtu anaweza kuuliza: na milima yetu je, si itaharibu kipimo? Hapana. Mteremko ulio sawa unashusha miguu yote miwili pamoja na katikati, kijiti kinabaki 0. Chombo hiki hakioni mlima, kinaona mabonde na matuta tu. Kwa Idjwi hicho ndicho tunachokitaka.

Tunapima vipande vya mita 100. Kila mita 2,5 tunaweka ubao kwenye mstari magurudumu yanapopita, tunaandika namba moja. Zitakuwa namba 40. Tunazipanga toka ndogo mpaka kubwa, tunaacha 2 za chini na 2 za juu, tunatafuta tofauti ya zile zinazobaki. Hiyo tuiite upana wa kipande. (Tusiitie ndani ya hesabu ya MERLIN, maana ubao wetu ni mfupi na hauna mkono wa kukuza mara 10.)

Juu ya nini tunaacha za mwisho? Angalieni mfano huu. Namba ni za kufundishia tu, si za njia yetu:

Kipande A: ndogo kabisa –12, kubwa kabisa +13. Tofauti yote ni 25. Tukiacha za mwisho, inabaki toka –9 mpaka +11, yaani upana wa milimita 20.

Kipande B: ndogo kabisa –4, kubwa kabisa +60. Tofauti yote ni 64! Tukiacha za mwisho, inabaki toka –3 mpaka +4, yaani upana wa milimita 7.

Anayepita haraka atapiga kelele juu ya B, kwa sababu shimo la sentimita 6 linaonekana na jicho. Lakini B ni njia nzuri yenye shimo moja. Watu wawili wanaliziba kwa muda mfupi. A haina shimo la kutisha, ila inatingisha mtu toka mwanzo mpaka mwisho, na inahitaji kusawazishwa yote. Ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. Ndiyo maana tunakuwa na daftari mbili: moja ya upana, nyingine ya mashimo makubwa, maana shimo moja tu linaweza kumwangusha mtu usiku, na tusilisahau kwa sababu hesabu imeliacha nje.

IV. MWILI UNASIKIA NINI?

Sasa tutoke kwenye udongo, tupande juu ya kiti. Kutingishika kunategemea vitu viwili: urefu wa matuta na mara ngapi yanakuja kwa sekunde moja. Ya pili tunaipata hivi:

mara kwa sekunde = mwendo : umbali kati ya matuta

Kinga ikienda mita 100 kwa sekunde 20, mwendo wake ni mita 5 kwa sekunde, yaani kilometa 18 kwa saa. Matuta yakiwa kila mita 1, tunapigwa mara 5 kila sekunde. Wataalamu wa afya ya kazi wameona kwamba mtu aliyekaa anaumizwa zaidi na mtingisho wa juu-chini ulio kati ya mara 4 na mara 8 kwa sekunde. Kumbe mwendo wetu wa kawaida unatuingiza pale pale pabaya!

Tuendelee. Tuseme matuta ni ya mviringo laini, na toka bonde mpaka kilele ni sentimita 2, yaani sentimita 1 juu na sentimita 1 chini ya usawa. Gurudumu likifuata udongo, na tukiacha kando ulaini wa mpira, mchapuko mkubwa kabisa ni:

(2 x 3,14 x 5) x (2 x 3,14 x 5) x 0,01 = karibu 9,9 m/s²

Wanafunzi wa fizikia wanaijua namba iliyo jirani: 9,8, mchapuko wa kitu kinachoanguka. Maana yake ni hii: kibebeo cha nyuma kikishuka kwa nguvu hiyo, mzigo usiofungwa hauwezi kukifuata. Unabaki hewani, kisha kibebeo kinarudi juu na kuugonga. Ndivyo mayai yanavyovunjika na ananasi zinavyopondeka. Na ni kwa matuta ya sentimita 2 tu!

Sasa tupunguze mwendo nusu, mita 100 kwa sekunde 40. Tunapigwa mara 2,5 kwa sekunde, na mchapuko unakuwa karibu 2,5 m/s². Mwendo nusu, mtingisho robo. Wenye kubeba mgonjwa, mushike neno hili kuliko mengine yote ya somo hili: huhitaji kungoja serikali ao salongo. Punguza mwendo nusu, umemwondolea mgonjwa robo tatu ya mapigo.

V. VIPIMO VIWILI VYA MTINGISHO

1. Kipimo cha maji. Tunafunga kopo la nusu lita juu ya kibebeo cha nyuma, imara kabisa. Tunatia maji mpaka vidole viwili chini ya mdomo. Tunapita mita 100 kwa mwendo uliopangwa, mwenzetu akishika saa. Kisha tunapima maji yaliyobaki kwa siringi mpya isiyo na sindano. Tunarudia mara tatu na kuchukua jibu la katikati. Mpandaji awe yule yule, kinga ile ile, mpira upigwe pompi sawasawa, na kila mara tuelekee upande uleule. Tukibadilisha vitu viwili kwa mara moja hatutajua ni kipi kimeleta tofauti. Tena tulinganishe tambarare na tambarare, mteremko na mteremko, maana kopo likiinama linamwaga lenyewe.

2. Kipimo cha simu. Simu za kisasa zina ndani yake kitu kinachopima mchapuko. Programu phyphox, iliyotungwa na chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, inatolewa bure na kuonyesha namba hizo. Simu moja ya mwalimu, ikifungwa vizuri kwenye usukani, inatosha darasa zima. Tusijumlishe namba hivi hivi. Mfano: 1, –1, 7, –7. Jumla ni 0, kama vile hakuna kilichotingishika! Kwa hiyo tunazidisha kila namba kwa yenyewe: 1 + 1 + 49 + 49 = 100. Tunagawa kwa 4, ni 25. Tunatafuta kipeuo chake, ni 5. Hiyo 5 m/s² ndiyo mtingisho wa kweli.

VI. MPIRA, NA BEI YAKE

Kitu cha kwanza kinachotulinda na mapigo ni hewa iliyo ndani ya mpira. Robert William Thomson wa Scotland alipata hati ya gurudumu la hewa mwaka 1845, lakini halikuenea. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alilitunga tena kwa ajili ya kinga ndogo ya mtoto wake, na safari hii dunia nzima ikalitaka.

Sisi Wakongo tusilitaje jambo hilo bila kukumbuka bei yake. Mpira ulitafutwa katika misitu ya nchi yetu wakati wa Léopold II, na watu waliolazimishwa kuuleta waliuawa, wakakatwa mikono, vijiji vikachomwa. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari wa Kiprotestanti Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, akiangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha kama hizo zilisaidia kuonyesha ulimwengu ukweli, na mwaka 1908 Léopold alinyang'anywa utawala wa Kongo. Huo pia ulikuwa ushuhuda wa kupima: wenye mamlaka walisema hakuna ubaya, picha ikasema upo.

Turudi kwenye pompi. Mpira mgumu mno unarusha kinga juu ya kila jiwe. Nguvu yako inaishia kuinua mwili badala ya kwenda mbele. Mpira laini mno unagonga rimu na kupasua mpira wa ndani. Jirani zetu wa Goma wanaopanda chukudu, kinga ile ya mbao, wanajua zaidi: gurudumu lao ni la mti, limevikwa kipande cha mpira wa zamani tu, na linapita juu ya mawe ya volkano yaliyomwagwa na Nyiragongo. Mwili wote wa mpandaji ndio risasoli.

VII. TUKISHAPIMA, TUFANYE NINI?

Adui wa kwanza wa njia ni maji. Njia iliyo bapa inashika maji, maji yanalainisha mfinyanzi, gurudumu linachimba, shimo linazaliwa. Kwa hiyo njia iwe na mgongo: kila mita 1 toka katikati, udongo ushuke sentimita 5. Kwa njia ya mita 2 upana, katikati iwe juu ya kingo kwa sentimita 5. Pembeni tuchimbe mifereji, na tuielekeze kwenye majani, si kwenye shamba la mtu.

Shimo halizibwi kwa kutupa udongo juu ya tope. Kwanza toa maji na tope mpaka ufike udongo mgumu. Kata kingo zisimame wima. Tia changarawe na udongo wenye unyevu kidogo, tabaka la sentimita 10, shindilia kwa kigogo, kisha tabaka lingine, mpaka lipite kidogo usawa wa njia. Wakantonye wazee wanaijua kazi hii kuliko sisi. Tuwaulize kwa heshima, tukiwaita baba, tusiwafundishe na karatasi mkononi.

Tupime mara mbili: mvua zikiendelea, na katika kiangazi, Juni mpaka Agosti. Tukumbuke pia kwamba ulaini si usalama. Mfinyanzi uliolowa unaweza kutoa upana mdogo kabisa kwenye ubao wetu, na bado ukamwangusha mtu. Kwa hiyo katika daftari tuongeze neno moja: kavu ao inateleza.

VIII. MPANGO NA MASWALI

Tunapendekeza, ikiwa Bwana Prefe atakubali, kwamba siku ya posho ijayo makundi manne yagawane njia toka masomo mpaka bandari ndogo. Kila kundi lipime kipande ambacho si cha njia ya kwao. Namba zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo mbele ya salongo, kila mtu azione. Kipande chenye upana mkubwa kitapata mikono mingi. Mashimo ya hatari yatazibwa siku ile ile, popote yalipo. Kama namba zitaonyesha kwamba njia ya bweni letu sisi wakubwa ndiyo nzuri kuliko zote, basi sisi tutafanya kazi kwenye njia ya wengine.

Maswali ya kujifunza:
1. Matuta yako kila nusu mita. Kwa mwendo gani utapigwa mara 5 kwa sekunde?
2. Upana wa karatasi ya MERLIN ni D = 150. Tafuta IRI.
3. Kwa nini mtu mmoja asipime kipande A na mwingine kipande B katika kipimo cha maji?
4. Eleza kwa maneno yako kwa nini mzigo unapaswa kufungwa hata ukiwa mzito.
5. Soma Isaya sura ya 40, mwanzo wake. Nabii anataja kazi gani za kutengeneza njia? Ni zipi tunaweza kuzifanya na jembe?

Majibu yapelekwe kwa kiongozi wa kila darasa mbele ya ijumaa. Mungu abariki kazi ya mikono yetu.

Doyeni wa wanafunzi, pamoja na kundi la fizikia, mwaka wa mwisho.